Jinsi ya Kutengeneza Kitabu cha Picha cha Watoto Kuhusu Wanyama wa Shambani

Mtoto wa miaka 4 alikuwa ameketi ubavuni pangu nikimsomea kitabu nilichokimaliza wiki hiyo hiyo. Tulipofika ukurasa wa bata akaweka kidole kwenye miguu, akakiacha pale, kisha akaniuliza, "Huyu ataogeleaje?" Nilikuwa nimemchorea bata miguu ya kuku: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, bila utando wowote katikati. Kitabu kizima nilikuwa nimekichora kwa kukumbukia tu. Tangu siku hiyo sijamchora mnyama yeyote kabla ya kwenda kumtazama, na hatua zote zilizo hapa chini zimesimama juu ya jambo hilo moja.

Vifaa si vingi: penseli laini, kifutio, karatasi za A4, rangi yoyote uliyoizoea, uzi mnene na sindano. Kompyuta itakufaa mwishoni, ukiwa nayo.

Hatua ya 1: Amua unamtengenezea nani

Mtoto wa mwaka 1 au 2 anataka mnyama mmoja kwa kila ukurasa, mkubwa, mwenye nafasi tupu pande zote, pamoja na neno moja au sauti moja. Wa miaka 3 hadi 5 anaweza kufuata kisa kifupi, kutafuta kitu kilichofichwa pichani na kuitikia kibwagizo. Wa miaka 6 au 7 anaanza kusoma mwenyewe, kwa hiyo kila silabi unayomwandikia ni kazi kwake. Kitabu kinachotaka kuwafaa wote hawa huishia kumchosha kila mmoja. Mifano yangu hapa inamfuata wa miaka 3 hadi 5, umri ambao mtoto hatazami picha kimya: anauliza, anabisha, anarudisha ukurasa nyuma.

Hatua ya 2: Chagua wanyama watano au sita tu

Hamu ya kwanza ni kuwaingiza wote, kuanzia farasi hadi sungura. Jizuie. Chukua wachache wanaotofautiana kwa umbo hata wakionekana kwa mbali: mkubwa na mdogo, mwenye pembe na asiye nazo, wa miguu minne na wa miguu miwili. Mimi ningechukua kuku, ng'ombe, mbuzi, bata na punda. Kondoo nitamwacha, kwa kuwa mtoto atamchanganya na mbuzi ikiwa mchoraji hajaijua vizuri tofauti yao. Tofauti hiyo tutaigusa sasa hivi.

Hatua ya 3: Nenda ukawatazame

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko penginepo. Chukua daftari, tafuta mahali pa kukaa pasipo kuwasumbua wanyama, na uchore haraka haraka, nusu dakika kwa kila mchoro. Michoro hiyo haitaingia kitabuni. Inaufundisha mkono wako. Nenda mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu mnyama wa asubuhi ana haraka na wa jioni ametulia.

Anza na ng'ombe, umtazame anavyoinuka kutoka chini. Huinua kwanza sehemu ya nyuma huku magoti ya mbele yakiwa bado ardhini, halafu ndipo anasimama. Farasi hufanya kinyume chake. Mchoraji asiyejua hili humchora ng'ombe akiinuka kama mbwa, na picha nzima inapoteza uzito. Tazama mdomo pia. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Ana ufizi mgumu, na majani huyazungushia ulimi akayavuta. Akishiba hulala na kucheua, taya la chini likienda upande upande. Kwato zake zimepasuka sehemu mbili. Ukitoka hapo ukaenda kwa punda utakuta ukwato mmoja mzima kwa kila mguu. Kiwele cha ng'ombe kina chuchu 4, cha mbuzi kina 2, na fahali hana kiwele kabisa. Nimeona vitabu vingi mno ambamo mnyama mmoja ana shingo nene ya fahali juu na kiwele cha ng'ombe jike chini.

Mbuzi ana jicho la ajabu: mboni yake imelala, kama mstatili mdogo mweusi. Mkia wake mfupi huinuka juu, na wa kondoo huning'inia. Hiyo ndiyo alama ya haraka ya kuwatenganisha, na inaonekana hata kwenye picha ndogo kama ukucha. Pembe hazitoshi kutofautisha dume na jike, wala ndevu, maana mbuzi jike naye anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa kuku, mchore jogoo na mtetea kama watu wawili tofauti. Jogoo ana upanga mkubwa wa nyama kichwani na manyoya marefu ya mkia yaliyopinda kama mundu. Mtetea ni mduara zaidi, mkia wake mfupi, upanga wake mdogo. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyumenyume kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya, karibu na tumbo. Ukilijua hilo, kuku wako ataacha kuonekana amesimama juu ya vijiti viwili.

Punda mtazame mgongoni. Wengi wana mstari mweusi unaoshuka katikati ya mgongo, na mwingine unaoukata mabegani. Mkia wake una kishada cha nywele mwishoni tu, kama wa ng'ombe. Nywele za mkia wa farasi huanzia juu.

Kisha muulize anayewalisha. Mtu anayeishi na wanyama anajua mambo ambayo jicho la mgeni haliyaoni kwa siku moja: nani hutangulia kutoka zizini, nani humfukuza mwenzake kwenye hori, nani hulala wapi. Kwake utasikia kwamba kuku huingia bandani wenyewe giza linapoanza, hupanda juu ya ubao na kulala hapo wamebanana, wakati bata hubaki chini. Jambo dogo kama hilo linaweza kukuzalia kitabu kizima, kama tutakavyoona.

Ikiwa huwezi kuwafikia wanyama, tumia video na picha nyingi za kila mmoja. Tazama video mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili funga macho usikilize tu. Usiinakili picha ya mtu mmoja mstari kwa mstari; ni kazi yake, na zaidi ya hayo utarithi makosa yake.

Hatua ya 4: Tafuta swali litakalokibeba kitabu

Vitabu vingi vya aina hii vimejengwa kama orodha. Huyu ni ng'ombe, hutupa maziwa. Huyu ni kuku, hutupa mayai. Huyu ni kondoo, hutupa sufu. Sivipendi, na nitasema kwa nini. Mtoto anajifunza kwamba mnyama ni ghala la vitu vyetu, ilhali maziwa ya kwanza ni ya ndama na yai la kuku lilikusudiwa kuwa kifaranga. Halafu orodha haina sababu ya kufunua ukurasa unaofuata. Ukichomoa kurasa mbili hakuna atakayejua.

Swali linatoa sababu hiyo. Chukua lile tulilolisikia kwa mfugaji: kuku huingia bandani wakati wa giza. Je, wakihesabiwa na mmoja akakosekana? Yuko wapi? Hilo ni swali ambalo mtoto wa miaka 3 analielewa papo hapo, na jibu lake ni la kweli shambani: kuku aliyetoweka mara nyingi amejificha mahali anaatamia mayai.

Jipe mtihani mmoja. Kieleze kisa chako kwa sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Ukishindwa, rudi hatua ya tatu ukatazame tena.

Hatua ya 5: Gawa kurasa kabla ya kuchora

Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Vitabu vya picha vinavyochapwa viwandani mara nyingi huwa na kurasa 32. Kwa kitabu cha kwanza cha mkono, 16 zinatosha: karatasi 4 za A4 zilizokunjwa pamoja, moja ndani ya nyingine, na jalada juu yake.

Tengeneza kitabu cha majaribio sasa, kitupu, na uandike namba za kurasa kwa penseli. Kisha kifumue. Utaona karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, kisha 8 na 9. Kila jozi inajumlika kuwa 17, na hivyo ndivyo utakavyohakiki kazi yako usije ukachora mbuzi mahali pa punda.

Kurasa za 8 na 9 ndizo pekee zinazotazamana zikiwa karatasi moja isiyokatika. Hapo ndipo mahali pa picha kubwa kuliko zote.

Kisa cha kuku aliyepotea kingekaa hivi:

Ukurasa wa 1: jina la kitabu, na unyoya mmoja wa rangi ya udongo.

2 na 3: Jua linazama. Kuku wamepanda ubaoni, na katikati yao kuna nafasi tupu. "Mmoja hayupo." Msichana anachukua tochi.

4 na 5: "Yuko kwa ng'ombe?" Ng'ombe amelala, anacheua. "Hayupo."

6 na 7: "Yuko kwa mbuzi?" Mbuzi amepanda juu ya gogo. "Hayupo."

8 na 9: Giza tupu kutoka pembe hadi pembe, na duara moja la mwanga wa tochi. Hakuna neno hata moja.

10 na 11: "Yuko kwa bata?" Bata wamekaa chini, vichwa vimelazwa mgongoni. "Hayupo."

12 na 13: "Yuko kwa punda?" Punda anatazama chini ya hori. Ukurasa huu hauna "Hayupo."

14 na 15: Chini ya hori, ndani ya majani makavu, jicho moja la duara. "Zima tochi. Anaatamia."

16: Mchana. "Pii! Pii! Pii!" Ukutani msichana amechora mistari 21 kwa chaki.

Ile mistari haielezwi popote katika maneno. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi, na mtoto mkubwa kidogo atakayeihesabu atauliza mwenyewe. Vivyo hivyo, unyoya wa rangi ya udongo unaweza kuonekana mahali fulani katika kila picha, ukielekea upande wa hori. Msichana haoni, msomaji anaona. Watoto hufurahi mno kujua jambo ambalo mhusika hajalijua.

Angalia pia mahali jibu linapokaa. Swali la mwisho liwe upande wa kulia na jibu nyuma ya ukurasa, ili mkono wa mtoto ndio ufunue.

Hatua ya 6: Andika maneno

Andika baada ya kugawa kurasa, ukijua picha inasema nini. Ikiwa picha inaonyesha mbuzi mweusi juu ya gogo, maneno "Mbuzi mweusi yuko juu ya gogo" hayana kazi. Acha picha iseme rangi na mahali. Maneno yabebe swali, sauti, na wakati.

Hesabu silabi za kila neno, usihesabu maneno. Kiswahili kinaweza kufunga sentensi nzima ndani ya neno moja: "anawanyonyesha" ni neno moja lenye silabi sita, na ndani yake kuna mtendaji, wakati na watendewa. Mtu mzima haoni uzito wake. Anayejifunza kusoma anakwama katikati ya "nyo" na "nye". "Ndama ananyonya" ni rahisi kwake, ingawa ni maneno mawili.

Linda upatanisho wa ngeli, maana huenda kitabu hiki ndicho mtoto atakachokikariri kabla ya kingine chochote. Wanyama hupatanishwa kama watu, hata jina likianza na ki-. Ni "kifaranga mdogo amepotea" na "vifaranga wanakula". Ni "kuku wangu" na "ng'ombe wangu".

Usikimbie majina halisi. Mtoto anayeweza kusema "helikopta" anaweza kusema mtetea, beberu, fahali, ndama, mwanakondoo, hata kihongwe, ambaye ni mtoto wa punda. Anaweza pia kujifunza kwamba jogoo huwika, mbwa hubweka, na kuku aliyetoka kutaga hutetea. Neno moja jipya kwa kila jozi ya kurasa halimlemei, hasa picha ikilieleza.

Sauti za wanyama ni njia kongwe ya kuingia katika kusoma. Comenius, mwalimu wa Ulaya wa zamani, alipotoa kitabu chake cha picha cha watoto mwaka 1658, alifabeti yake ilifundishwa kwa milio: mwanakondoo kwa herufi B, bata bukini kwa G, kifaranga kwa P. Kwa hiyo usiziandike kwa mazoea. Ng'ombe wengine huandikwa "moo", wengine "mbuu". Kaa karibu naye, sikiliza mlio unaanza midomo ikiwa imefumba au wazi, halafu uandike ulichosikia. Kisha soma kwa sauti. Kama wewe mwenyewe unaona haya kuitoa sauti hiyo mbele ya watu, ibadilishe.

Jambo dogo lakini linaloniuma kila nikiliona limekosewa: ritifaa, yaani alama ya ('), katika "ng'ombe". Ikidondoka, neno linasomeka kwa sauti nyingine kabisa. Pitia kila ukurasa kuitafuta, kwenye jalada pia, na hakikisha kompyuta haijalikata neno hilo mwishoni mwa mstari.

Hatua ya 7: Chora

Kabla ya picha ya kwanza, mchore kila mhusika peke yake kwenye karatasi moja: kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma, amelala. Weka na ramani ya madoa yake. Ng'ombe mwenye doa jeusi jicho la kushoto ukurasa wa 4 akilihamishia jicho la kulia ukurasa wa 8, mtoto atakuambia kuwa huyo ni ng'ombe mwingine, na atakuwa na haki. Wapange pia wote mstari mmoja ili kulinganisha ukubwa. Kuku asije akafika kifuani mwa punda.

Usiweke jicho wala uso kwenye mkunjo wa kitabu. Acha mahali pa maneno tangu mchoro wa kwanza, palipo na rangi moja tulivu, kama anga au ukuta. Na uteremke: chora ukiwa umechuchumaa, jicho lako likiwa usawa wa jicho la mtoto. Ng'ombe anayeonekana kutoka chini ni mlima, na hivyo ndivyo mtoto anavyomwona.

Aina ya rangi ni hiari yako. Karatasi za rangi zilizokatwa na kubandikwa huwafaa wasiojiamini kwa penseli, kwa sababu mkasi hukulazimisha kutafuta umbo na kuachana na vitu vidogo vidogo.

Hatua ya 8: Kijaribu kwa watoto kabla ya kukimaliza

Bandika michoro ya penseli kwenye kitabu cha majaribio na umsomee mtoto mmoja, kisha mwingine. Usieleze chochote. Tazama macho yake. Akitazama dirishani ukurasa wa 10, tatizo liko ukurasa wa 9 au wa 10, haliko kwake. Andika kila swali lake neno kwa neno. Akiuliza "Mama yake yuko wapi?" kila akimwona mtoto wa mnyama, mchore mama, hata kama ni mkia tu ukingoni mwa picha. Na akianza kusema "Hayupo" kabla yako, usibadilishe neno hilo tena.

Hatua ya 9: Chapa na ukifunge

Ukipitisha picha kwenye skana, chagua nukta 300 kwa inchi. Picha inayofika ukingoni izidishe kwa milimita 3 kila upande, ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. Maneno yawe makubwa, pointi 18 hadi 24, kwa mwandiko ambao herufi "a" inafanana na ile mtoto anayofundishwa kuandika. Ukichapa pande mbili kwa printa, chagua kugeuza kwa upande mfupi wa karatasi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Kwa kufunga, napendelea uzi kuliko pini za stepla, ambazo zinaweza kuchomoka na kuingia mdomoni mwa mtoto mdogo. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu na chini. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje. Rudi ndani kupitia tundu la juu, pita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini, toka nje, kisha rudi ndani kupitia lile la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe kila moja upande wake wa ule uzi mrefu wa ndani; zifunge juu yake kwa fundo maradufu na ukate. Mwisho viringisha pembe nne za kitabu kwa mkasi.